Nyasi Juu ya Mabati

Kajiado,
6 Februari 2000

Mjomba Munguti,

Naomba barua hii ikukute umeketi chini, si umepanda juu ya nyumba ya mtu. Huku tuko wazima. Mama ametuma salamu kutoka Illasit pamoja na gunia la vitunguu. Fungu lako liko kwangu, na ukichelewa kulifuata usiniulize limeenda wapi. Goti lake bado linamsumbua lakini nyani wa shambani anawafukuza mwenyewe, kwa hivyo sijui tumwonee huruma yeye au nyani.

Sasa habari ya paa lako. Mjomba, limefanya kazi. Unakumbuka chumba cha kuhifadhia vitu vya makumbusho yetu kilivyokuwa ulipokuja mara ya kwanza, ulitoka ukijipangusa shingo ukasema hapa mnaoka mkate. Mabati yakishika jua, mshale wa kile kipimo cha unyevu ulikuwa unaanguka kabisa. Tukiwasha ile mashine ya hewa baridi tuliyopewa na wafadhili, unapanda. Stima ikikatika, unaanguka tena. Mtu anaweza kuvumilia hayo, akanywa maji akalalamika. Kibuyu hakiwezi. Kinasinyaa, kinapanuka, kinasinyaa, mpaka siku moja unasikia kimelia ta! na kina ufa. Ngozi nazo zinakauka kama mbao, halafu unyevu ukirudi zinaota ukungu.

Tangu uweke nyasi juu ya mabati na kuacha ile nafasi katikati ya kupitisha upepo, mshale umetulia. Asubuhi na mapema nafungua madirisha, jua likipanda nafunga, basi. Mashine imezimwa. Meneja wetu Bwana Nzau alikuwa na wasiwasi kwamba wafadhili watakuja waikute imelala, lakini nilimpeleka mbele ya mshale akajionea. Alisema sawa, ila mashine isitolewe ukutani.

Najua bado umeninunia kwa sababu nilikukataza kupaka nyasi oili chafu ya magari. Mchwa nitawachunguza mwenyewe. Ile harufu ingeshuka ndani ikaingia kwenye ngozi tunazotunza, na vitu hivi si vyangu, ni vya familia za hapa. Wametuwekea wakiamini tutavitunza.

Msalimie auntie Waceke.

Mpwa wako,
Kathini


Kitengela,
27 Februari 2000

Kathini,

Barua yako nimeipata kwa Muteti wa lori la mchanga. Sisi tuko salama, ila vumbi. Kitengela watu wanajenga mpaka kwenye njia ya kwenda choo. Auntie yako anasema kama vitunguu umekula useme mapema, asiendelee kuota.

Nimefurahi kusikia paa liko sawa. Sikununa. Nilinyamaza tu, na fundi akinyamaza watu hufikiri amenuna. Lakini ile oili ingesaidia. Nimeezeka nyumba tangu kabla mama yako hajaolewa, na hakuna mtu amewahi kunikataza oili isipokuwa wewe na vibuyu vyako. Vibuyu vimekuwa wagonjwa wa hospitali, vinalala kivulini, vinapimwa joto asubuhi na jioni, na mimi mjomba wako nalala chini ya mabati matupu.

Nakuambia jambo moja na usimwambie mama yako. Mgongo umekataa. Tangu nishuke kutoka kwa hilo paa lenu sijapanda lingine, na sidhani nitapanda. Nilichagua hizo nyasi mwenyewe kule Illasit, nikazifunga kwa waya kitita baada ya kitita, na nikishuka mara ya mwisho niliangalia nyuma nikaona ni kazi safi. Kama ndilo la mwisho, si vibaya.

Kwa hivyo nataka picha. Simama mbele yake, lakini usizibe paa.

Mjomba wako,
Munguti


Kajiado,
11 Juni 2000

Mjomba,

Pole kwa kukaa kimya. Pole pia kwa mgongo. Mama sijamwambia, lakini unajua hufahamu mambo bila kuambiwa. Yeye ni mzima. Anasema mahindi ya mwaka huu ni ya kuonyesha wageni tu, si ya kula.

Mvua ilipotea, kama unavyoona huko. Hapa sasa ni mizoga kando ya barabara. Stima nayo ni ya zamu, nyumba nyingi mjini zinakaa gizani, na ofisi ya Bwana Nzau imekuwa joto mpaka anakuja kufanyia kazi kwenye chumba changu cha vibuyu. Anasema ndio mahali pa pekee pa mtu kufikiri. Kwa sababu hewa imekauka sana, nimeweka mtungi wa maji pembeni, mdomo wazi, na mshale umeshikilia. Bila lile paa tungekuwa tumeshapoteza nusu ya vitu.

Kuna mzee mmoja jirani anaitwa Lemein. Kibuyu cha marehemu mama yake kiko kwetu, kile kirefu cheusi chenye shanga shingoni, uliuliza kama kinauzwa. Ng'ombe wake wanalala chini na kushindwa kuamka, yeye na mkewe Namunyak wanawashika mikia na pembe kuwasimamisha. Siku hizi anapita hapa kila asubuhi. Anakaa kwenye jiwe la lango akiangalia paa.

Picha nitatuma.

Kathini


Kitengela,
2 Julai 2000

Kathini,

Tuko salama, ila maji tunanunua na nyumbu wamekuja kufia karibu na ua wetu. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilisoma tu pale ulipoandika habari za mzee wa jiwe.

Mimi si mtu wa moyo mgumu, unanijua. Lakini sikia. Hizo nyasi si chakula, ni paa. Zimekauka miezi mingi, zimepigwa na jua, ng'ombe akizila ni kama amekula kofia. Mzee atalisha wiki chache, ng'ombe watakufa vilevile, na wewe utabaki na mabati na vibuyu vilivyopasuka na kazi imeisha. Mpe chai, mpe pole, mpeleke kwa chifu kama kuna msaada. Paa usiguse. Kazi ya mtu haivunjwi kwa sababu jirani ameiangalia.

Picha sijaona.

Munguti


Kajiado,
20 Agosti 2000

Mjomba mpendwa,

Hujambo wewe na auntie. Mama alikuja Kajiado kuonana na daktari wa goti, akakaa kwangu siku chache. Daktari amesema apunguze kutembea. Alitoka hapo akatembea mpaka soko akanunua sufuria. Kanisani tumekuwa na maombi ya mvua, na padre alitukumbusha tuje na miavuli kama kweli tunaamini, watu wakacheka, lakini hakuna aliyekuja nayo.

Kamera ya ofisi haina filamu kwa sasa. Kazi inaendelea.

Mgongo unasemaje?

Kathini


Kitengela,
3 Septemba 2000

Kathini,

Muteti alipita Kajiado akielekea Namanga. Amenieleza alichoona. Mabati yanang'aa, amesema, yanang'aa kama sahani.

Hukuniambia. Hilo ndilo limeniuma kuliko nyasi. Uliandika habari za sufuria na miavuli.

Munguti


Kajiado,
17 Septemba 2000

Mjomba Munguti,

Una haki ya kukasirika. Nilishika kalamu mara nyingi nikashindwa, kwa sababu uliniambia ni paa lako la mwisho. Ningeanza wapi? Sasa nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma unaweza kunikasirikia vizuri ukijua kilichotokea.

Ilikuwa mwisho wa Julai. Bwana Nzau alikuwa Nairobi kwa mkutano. Lemein alikuja asubuhi, tukasalimiana kwa Kimaasai, sopa, epa, halafu akaniuliza, "Kathini, hiyo nyasi iko juu ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ni ya kuzuia joto. Kibuyu ya mama yako isipasuke."

"Hiyo kibuyu mama alikuwa anaweka nini ndani?"

"Maziwa."

"Na maziwa ilikuwa inatoka wapi?"

Mjomba, hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza tu kama mtu anayeuliza njia. Niliingia ndani nikasimama mbele ya mshale. Ulikuwa pale pale, umetulia, kazi yako na yangu. Nikatoka nikamwambia ukweli, kwamba nyasi zikiondoka kibuyu kinaweza kupasuka na sitaweza kumuahidi kitu. Akasema, "Ipasuke. Ni ya mama yangu, mimi nimesema."

Lakini vitu vya watu wengine sikuwa na ruhusa navyo. Nikamwambia anipe siku moja. Namunyak alikuja na mablanketi yao yote ya kulalia, na wanawake wengine wakaleta yao. Tulifunga ngozi na vibuyu kimoja kimoja, tukavipanga ndani ya masanduku ya mbao, tukavisukuma kwenye ukuta wa mawe usiopigwa na jua. Blanketi linafanya kazi ile ile ya paa, ila kwa udogo: joto likija linachelewa, unyevu nao haukimbii haraka. Usiku ule watu walilala bila blanketi, na unajua baridi ya Kajiado ya Julai. Kibuyu cha mama yake Lemein hakikuingia sandukuni kwa sababu ni kirefu. Nilikifunga shuka nikakilaza chini kabisa.

Halafu tukapanda. Ile waya yako, Mjomba, ulifunga kama mtu anayefunga mwizi. Lemein alijikata vidole na mimi pia. Vitita vingine ilibidi tuvivute mpaka nyasi zikamwagika. Ng'ombe walikuwa wamesimama chini wanangoja, wengine hawakungoja, walikuwa wanakula huku tunashusha. Kama ungepaka ile oili, hawangeweza kula hata jani moja. Niliwaza hilo nikiwa juu ya ngazi.

Nyasi hazikukaa sana. Ulisema ukweli, hazikuwa chakula cha maana. Lakini ziliwasimamisha. Waliokuwa wanashikwa mikia waliamka wenyewe, na kabla hazijaisha Lemein aliwachukua wakaondoka kuelekea upande wa mlima Kilimanjaro, kwenye majani. Kwa wengi wa majirani, ng'ombe wameisha hapa hapa.

Vitu vya masandukuni viko salama, nimevikagua. Kibuyu kirefu kimepasuka. Nilikuwa mezani kwangu nikakisikia. Ufa umetoka mdomoni mpaka karibu na tumbo. Nililia, sitaficha, kwa sababu nimefanya kazi hii ili nisisikie ile sauti.

Bwana Nzau amerudi akaniandikia barua ya onyo. Anasema ningemuuliza kwanza, na ni kweli ningemuuliza, na angekataa. Mkataba wangu unaangaliwa Desemba.

Sikuomba ruhusa yako pia, kwa sababu ulikuwa umeshaninyima. Nisamehe kwa kunyamaza. Kwa nyasi sijui kama naweza kuomba msamaha.

Kathini


Kajiado,
5 Novemba 2000

Mjomba,

Hujajibu. Naandika tena, hata kama hutaki kusoma.

Mvua imeanza jana mchana. Watu walitoka nje wakasimama tu. Mama yuko salama. Amenitumia ujumbe kwamba ng'ombe wa Kajiado wamejaa huko kwao chini ya mlima na amewafukuza wengine kutoka kwa vitunguu vyake kwa mkongojo aliopewa na daktari.

Namunyak alibaki hapa wakati mumewe amehama. Alikuja akaomba kile kibuyu. Alitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akaushona kwa uzi wa ngozi, akabana kila mshono kwa shanga za bluu. Ilimchukua siku nyingi kwa sababu hakutaka kuongeza ufa mwingine. Nilimuuliza kama anasikitika. Akasema, "Yetu yote nyumbani iko na mshono. Hii ndio ilikuwa haina, ilikuwa inakaa kama mgeni."

Nimekirudisha kwenye rafu. Kwenye kadi yake nimeandika kwamba kilipasuka mwaka wa ukame, nyasi za paa zilipopewa ng'ombe, na kwamba Namunyak ndiye aliyekishona. Bwana Nzau aliisoma kadi, akanirekebishia tarehe. Mkataba bado sijui.

Jua likirudi, mabati yatakuwa yale yale ya zamani. Ile mashine ya baridi tukiiwasha inakohoa.

Naomba uandike, hata mistari miwili ya hasira.

Kathini


Kitengela,
14 Januari 2001

Kathini,

Mwaka mpya mwema kwako. Auntie yako anakusalimia. Mgongo uko vile vile. Mama yako aliniambia mkataba umepewa, ukaambiwa usipande tena ngazi bila ruhusa. Huyo Nzau si mtu mbaya.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki na aibu ya kuwa na hasira, na hiyo inachelewesha barua kuliko posta. Nilikuwa nimejiambia kwamba watu watakuwa wanapita hapo miaka mingi waseme, huyo fundi alikuwa nani. Paa lilikaa miezi sita. Hata kibanda changu cha kuku kimekaa zaidi.

Desemba nilienda Illasit kumwona mama yako. Siku ya pili tulisikia kelele, mama yako ametoka na mkongojo, anamtukana mzee mmoja mrefu na ng'ombe wake karibu na kitalu chake cha vitunguu. Nilienda kutuliza. Tulisalimiana, nikamuuliza ametoka wapi, akasema Kajiado mjini. Nikamuuliza ng'ombe walifikaje mbali hivi wakati wenzao wamekufa. Akasema, "Walikula nyumba ya vibuyu."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimuuliza ni ng'ombe yupi alikula sana. Akanionyesha mtamba mmoja mwekundu, tumbo limeshuka, ana mimba. Nilimshika mgongo. Nimeezeka nyumba maisha yangu yote na sijawahi kushika moja ikapumua. Nilisimama hapo mpaka mama yako akaniuliza kama nimeugua.

Jioni nilimwambia mzee kuwa hizo nyasi nilizifunga mimi. Aliangalia mikono yangu, akanionyesha yake, makovu ya waya bado yapo. Akasema, "Wewe ndio ulifunga hivyo? Karibu uniue." Tukanywa chai. Tumekata nyasi pamoja, mimi kwa kukaa chini na yeye kwa kusimama, na marobota yamo ghalani kwa mama yako. Muteti atayaleta mwezi ujao akirudi na mzigo wa viazi.

Mimi sitapanda. Nitakaa chini kwenye lile jiwe lake la lango na kuelekeza, na fundi kijana atapanda. Mwambie Nzau akubali, au umwache aje afikirie ofisini kwake kwenye joto. Nafasi ya upepo iwe ile ile. Oili hatupaki, hilo nimekubali, na usilirudie mbele ya watu.

Lakini waya basi. Nimenunua kamba ya katani. Kila kitita kitafungwa peke yake kwa fundo la kufungua, lile tunalofungia punda, upepo hauliwezi lakini mtu akivuta mwisho wa kamba linaachia. Tutaanza kufunga kutoka chini kwenda juu ili mtu aweze kushusha safu ya juu kwanza bila kuvunja nyingine, na chumba kibaki na kivuli kadiri kitakavyoweza. Mvua ikiwa nzuri tutaongeza safu. Ikipotea, mnajua pa kuanzia. Na masanduku uyaweke yakiwa tayari, pamoja na moja refu la kile kibuyu.

Picha nitakuja kupiga mwenyewe.

Fundo linafunguka kwa kuvuta upande wa kulia. Mwonyeshe Lemein mara moja tu, asije akazoea.

Mjomba wako,
Munguti